Mama Yangu na Mlima Uliofungwa

Mama yangu alikufa shayiri ikiwa bado kijani, na kwetu Yangtsawa huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kufa. Nilimkasirikia kwa hilo, sifichi. Hakuna mtu kijijini aliyeijua kalenda ya mlima kama yeye, na bado akaichagua asubuhi ile, kikombe cha chai ya siagi mkononi, akimfokea ng'ombe aliyeingiza kichwa kwenye bustani ya pilipili. Alinyamaza katikati ya neno. Nikadhani ng'ombe amesikia akatoka. Nilipogeuka nilimkuta ameinama juu ya magoti yake, na chai imelowesha vazi aliloshinda akilifuma kipupwe kizima.

Jina lake lilikuwa Yudon. Mimi ni Bidha, binti yake wa pekee, kwa hiyo nyumba ni yangu, mashamba ni yangu, na maiti nayo ikawa yangu. Upande wetu huu wa Butani binti ndiye anayebaki na nyumba, wavulana huenda kuishi kwa wake zao. Kaka yangu Rabgay alioa mjini Thimphu, akawa dereva huko, na kila akija kwetu huja na viatu vinavyoogopa matope.

Shayiri inapoanza kutoa masuke, mlinzi wa mlima hukata tawi la msonobari na kulilaza njiani, pale kwenye mnara mweupe wa sala ambapo mashamba yanaishia na msitu unaanza. Kuanzia hapo mpaka mavuno, mlima umefungwa. Hakuna kuchuma uyoga, hakuna kukata mianzi, na zaidi ya yote hakuna kupandisha maiti. Moshi wa maiti ukimfikia Bwana wa Mlima wakati shayiri imesimama, anamwaga mvua ya mawe, na kijiji kinakula viazi mpaka mwaka mwingine. Anayekufa wakati huo hukaa nyumbani kungoja mavuno, kama mnajimu ataruhusu. Asiporuhusu, maiti hushushwa bondeni, ng'ambo ya daraja, ikachomwe mahali wanapochomwa wageni: wachuuzi waliofia njiani, vibarua wa barabara waliotoka nchi za mbali, watu ambao hakuna kwetu anayejua hata majina ya mama zao.

Sisi wenyewe huchomwa kule juu, kwenye uwanda wenye bendera za sala. Baba yangu alichomewa huko. Mama alisema maisha yake yote kwamba na yeye atawekwa juu ya mawe yaleyale aliyowekwa baba, na alikuwa akilisema hilo bila huzuni, kama mtu anayetaja kitanda chake. Hakuniomba kingine. Sikuwahi kumsikia akiomba kitu chochote, kwa kweli, isipokuwa hicho.

Na mlinzi wa mlima, kwa miaka mingi, alikuwa mama huyohuyo. Kazi ilikuwa ya baba. Alipofariki, wanaume walikaa wakitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aikubali kazi isiyo na ujira wala marafiki, mama akainuka akaenda kulikata tawi mwenyewe. Tangu hapo akawa anashinda pale kwenye mnara, gurudumu dogo la sala likizunguka mkononi na mdomo wake tayari. Aliwarudisha wachuma uyoga. Alimrudisha bwana misitu na karatasi yake yenye mhuri, akamwambia Bwana wa Mlima hajui kusoma. Alimrudisha lama mmoja, mwalimu wa dini mashuhuri, aliyekuja na wafuasi wake kutafakari kwenye pango la juu. Alimsujudia kwa heshima zote, akapokea baraka kichwani, akafuta machozi, kisha akamwonyesha njia ya kushukia.

Alimrudisha pia Nidup.

Mke wa Nidup aliitwa Leki Dem. Alikuwa bado kijana, mcheshi, mtu wa kucheka mpaka anakaa chini. Homa ilimshika baada ya mimba kuharibika, na haikumwachia. Ilikuwa wakati kama huu, shayiri imesimama. Mnajimu akasema mwili wake hauwezi kungoja mavuno. Nidup akambeba mgongoni, ameshafungwa kwenye kitambaa cheupe, akapanda naye mpaka kwenye tawi, akapiga magoti akiwa naye vilevile mgongoni. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea mama chakula. Nidup aliomba kwa jina la baba yangu, kwa jina la walimu wote wa dini, kwa jina la yule mtoto ambaye hakuzaliwa. Mama alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno.

"Nidup, mwanangu," alimwambia, "mkeo ni mmoja. Watakaolala njaa ni wengi. Shuka."

Nidup akashuka. Leki akachomwa ng'ambo ya daraja, kati ya wageni, na mvua ya mawe haikuja mwaka ule. Shayiri ya Nidup ilikuwa nzito kuliko ya mtu yeyote. Aliivuna yote akaibeba mzigo baada ya mzigo mpaka hekaluni, hakubakiza hata ya mbegu, akala viazi mwaka mzima kwa kupenda kwake. Hakumtukana mama. Hakumsemesha pia. Walipokutana njiani kila mmoja alimpisha mwenzake, na waliokuwa karibu walijifanya wanafunga kamba za viatu.

Halafu magoti ya mama yakakataa kupanda, na kijiji kikauliza nani ataushika mlima. Nidup akasimama. Watu waliguna, wengine walisema wazi kwamba anataka kazi hiyo ili aiharibu. Mama hakuguna. Alimkabidhi panga la kukatia tawi kwa mikono miwili, Nidup akalipokea kwa mikono miwili, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote tangu siku ya Leki. Na mlima haukuharibika. Nidup aliushika kwa ukali kuliko hata mama, nusu ya kijiji wakaanza kumkumbuka mama kama mtu mpole. Nilipomwambia hivyo mama, alicheka mpaka akakohoa.

Mnajimu wetu, Lopen Jamtsho, alikuja siku ileile mama alipokufa. Aliuliza mwaka aliozaliwa, saa aliyokata roho na mtu wa kwanza kumgusa, akafungua kitabu chake, akakifunga, akakifungua tena. Nilikuwa namwangalia usoni, kwa hiyo nilijua kabla hajasema. Mama achomwe kabla mwezi haujaanza kupungua. Akipita hapo, alisema, hataondoka peke yake, ataondoka na mtu wa nyumba hii. Nilimwuliza kama hakuna namna. Akaniambia angependa sana iwepo, kwa sababu mama alimkopesha ng'ombe wa kulimia kila mwaka na hakuwahi kumdai hata siku moja ya kazi. Ila kitabu ni kitabu.

Mavuno yalikuwa mbali, mwezi ulikuwa karibu.

Tulimkunja mama kama mtoto aliye tumboni, tukamfunga kitambaa cheupe, tukamweka nyuma ya pazia katika chumba cha sala. Taa za siagi zilimwakia mchana na usiku. Kila tulipokula tulimtengea sahani yake. Nilimwekea wali mwekundu na pilipili zilizopikwa kwa jibini, nikamjazia chai, nikamwambia ale ashibe. Nikiwa peke yangu nilimwambia pia mengine. Nilimwuliza kwa nini hakuweza kungoja kidogo tu, yeye aliyewangojesha watu wote.

Rabgay alifika akiwa amelia njia nzima. Alipoelewa mambo yalivyokaa, alikasirika kwa niaba yangu na yake. Alisema Thimphu hata watoto wadogo wanajua mvua ya mawe inatoka wapi, na haitoki kwenye moshi wa mama yetu. Alisema mama aliitumikia njia ile mpaka magoti yakafa, na watu wakimnyima mahali pa kulala basi hawa si watu. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye mwenye nyumba, Bidha. Nenda kamwombe Nidup."

Nilimjibu kwamba nafikiria. Uongo. Nilikuwa nimeshafikiria, na nilitaka kile alichokitaka yeye. Nilitaka mama alale na baba. Kilichonizuia ni kwamba nilijua pale pa kupigia magoti palikuwa na mtu kabla yangu, na nilikuwa nimesimama kando na kikapu cha chakula nikimtazama. Nilikuwa naona haya.

Haikunibidi kwenda, maana Nidup alikuja mwenyewe. Alikuja mchana, watawa wakiwa wanasoma, amevaa vizuri, na kitambaa cheupe cha heshima kimepita begani. Alileta bonge la siagi kwa ajili ya taa. Aliingia chumba cha sala, akasujudu mbele ya pazia, akakaa chini, akapokea chai. Aliimaliza yote, na Rabgay akawa ananikanyaga mguu kwa siri.

Nidup alipofunika kikombe kwa kiganja kuonyesha ametosheka, alisema amezungumza na wazee wa kila nyumba. Wamekubali. Mama Yudon aliwalindia wao na watoto wao shayiri, na kwa ajili yake yeye tu, wako tayari kuhatarisha ya mwaka huu.

"Siku ikifika, nitaliondoa tawi," alisema. "Mpandisheni."

Rabgay aliinama mpaka paji la uso likagusa mbao za sakafu. Alimwita kaka, alimwita mzazi, alimwita majina ambayo Nidup hakuwahi kuitwa na mtu yeyote. Mimi nilipaswa kufurahi. Nilikaa na birika mkononi nikiuangalia mkono wa Nidup uliofunika kikombe. Sikufurahi hata kidogo. Niliogopa, na sikujua naogopa nini.

Alipoaga, nilimpa muda wa kutangulia, kisha nikamfuata. Nilimkuta mnarani amekaa mahali palepale alipokuwa akikaa mama, anaangalia chini kwenye mashamba. Shayiri ilikuwa imeanza kubadilika rangi kwenye ncha tu. Upepo ulikuwa unapita juu yake. Nilikaa upande wangu wa tawi, yeye akiwa upande wake.

"Kaka Nidup," nilimwambia, "jambo hili unamfanyia mama, au unamfanyia kisasi?"

Nilitegemea akasirike. Alilifikiria swali kama mtu aliyeulizwa bei ya ng'ombe.

"Sijui," alisema. "Nimejiuliza tangu niliposikia amekufa. Wazee niliwaambia ni heshima. Na wewe ukitaka, sema ni heshima."

"Nataka ukweli."

"Ukweli ni kwamba nataka kuona." Aling'oa jani moja la msonobari akaliviringisha vidoleni. "Nataka kuona kama sheria yake inavunjika ikimfika yeye. Kama inavunjika, basi ilikuwa inavunjika siku zote. Ina maana hata siku ile ingeweza. Ni yeye tu hakutaka."

"Na ikishavunjika?"

"Nitajua Leki alikwenda kule chini bure."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Mimi nilikuwa na maneno mengi nyumbani, nimeyapanga, kuhusu baba na mawe yake na magoti ya mama. Niliyaacha hukohuko nyumbani. Nilimwuliza kwa nini basi aliomba kazi hii, kwa nini ameilinda njia miaka yote hii kama anawalindia watu waliomnyima mke wake mahali. Akaniambia nimwache na maswali ya kijinga. Kila mwaka mlima usipofunguliwa kwa mtu yeyote, alisema, ni kama Leki anaambiwa tena kwamba alikwenda kwa sababu ya kweli. Mara moja tu ufunguliwe, hata kwa mtu mwema, hata kwa machozi, na sababu yake imekwisha.

"Sasa kwa nini unaufungua?" nilimwuliza.

"Kwa sababu nimechoka, Bidha," alisema, na akaanza kulia, mwanaume mzima mwenye mvi, huku amekaa wima na mikono juu ya magoti. "Nimechoka kumpenda huyo mama yako na kumchukia. Nilidhani akifa, kimojawapo kitaondoka naye."

Sikumgusa. Tawi lilikuwa kati yetu na mimi si mtu wa kuvuka tawi. Nilikaa nikamwangalia kwa muda, kisha nikaangalia juu, ambapo njia inaingia msituni. Nilijaribu kumwona mama akipandishwa hapo. Nilishindwa. Kila nilipomfikisha kwenye mnara, nilimwona akiketi ndani ya kitambaa chake cheupe na kuwarudisha wabebaji wake mwenyewe, akiwauliza kama mama zao waliwazaa bila masikio. Alitaka kulala na baba, hilo ni kweli. Alisema kila siku. Lakini kila mwaka alikaa hapa akijua kabisa kwamba anaweza kufa shayiri ikiwa kijani, na kila mwaka alililaza tawi.

"Liache," nilimwambia Nidup. "Tutashuka."

Alinitazama kama hajasikia.

"Tunashuka ng'ambo ya daraja," nilisema. "Kwa mkeo."

Kumwambia Rabgay kulikuwa kugumu kuliko hapo. Aliyatoa yote. Alisema nimekabidhiwa kitu mkononi nikakitupa. Alisema nina roho ya jiwe kama mama, na mama walau alikuwa na sababu. Alisema baba atangoja kule juu mpaka lini. Nililia, kwa sababu kila alichosema nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe, na hilo la baba ndilo liliniuma zaidi. Nilimwambia kama anataka kuniona mbaya anione, lakini mwenye nyumba ni mimi na maiti inashuka. Alikwenda kulala bila kula. Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba anapasua kuni, viatu vyake vya mjini vimejaa vumbi la mbao, na hakuniangalia.

Siku ilipofika, watu walikuwa wamejipanga kwenye njia ya juu. Walikuja na uvumba na mashada ya majani, wamejiandaa kumsindikiza mama yangu mlimani na kuchukua hatari waliyoikubali. Wabebaji walipotoka mlangoni wakageukia upande wa bonde, palikuwa na mkanganyiko, mtu akaita kwamba njia si hiyo. Lopen Jamtsho, aliyekuwa mbele na kengele yake, hakusimama. Basi na wao wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakatufuata. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mwanamke mmoja mzee aliushika mkono wangu njia nzima hadi mtoni, na alinuka siagi na moshi kama mama.

Nidup alikuwa ameshafika. Alimweka mzee mmoja akae kwenye tawi badala yake, akatangulia alfajiri. Mahali pa wageni si pabaya, nilikuwa sijawahi kupaangalia vizuri. Pana mwamba mkubwa umeinama kama paa, na mto unapiga kelele karibu. Chini ya mwamba kuna vile vinara vidogo vya udongo, mfano wa mnara wa sala, tunavyofinyanga kwa majivu ya wafu, vingi mno, vingine vimeliwa na unyevu mpaka vimebaki vidonge. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa kimepakwa chokaa upya, na mbele yake pamefagiliwa. Palionekana ni mahali panapofagiliwa kila mara. Sikuwahi kujua. Nadhani hakuna aliyejua.

Kwetu mtoto hawashi moto wa mzazi wake. Hutafutwa mtu wa nje ya nyumba. Nilikuwa nimepanga kumwomba Lopen anichagulie mtu, lakini Nidup alikuwa ameshapanga kuni, zile kavu chini, zile za Rabgay juu, na hapakuwa na haja ya kuomba. Wabebaji wakamweka mama. Rabgay akapanga mto wa majani nyuma ya mgongo wake ili asiegemee vibaya, akautengeneza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka mtu akamshika bega.

Lopen akaanza kusoma. Nidup akachukua mwenge, lakini hakuuleta kwenye kuni. Alikwenda kwanza chini ya mwamba akachuchumaa mbele ya kinara kile cheupe. Alimimina chai kidogo kutoka kwenye chupa yake, akamimina pombe kidogo. Kelele za mto zilikuwa nyingi na yeye alisema polepole, lakini nilikuwa karibu.

"Leki," alisema, "miaka yote hii nimekuacha na wageni tu. Leo nimekuletea mtu wa nyumbani. Ni yule mama. Ameshuka mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Najua una kinyongo naye, hata mimi ninacho. Lakini ni mzee na amechoka, na hajui mtu huku. Mpe chai."

Akainuka, akaja, akawasha moto.